Betri ya tochi imeandikwa mAh 9,900: jinsi ya kupima uwezo wake wa kweli, na pa kutafuta kosa namba zisipokubaliana

Madukani Kariakoo, Dar es Salaam, na kandokando ya Luthuli Avenue, Nairobi, betri za tochi zinauzwa zikiwa na maandishi makubwa ya mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri iliyojaa inaweza kutoa: mAh 4,800, mAh 6,800, mAh 9,900. Nyingi ni za umbo la 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ile sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya mviringo.

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Betri ya mAh 9,900 kwa volti 3.7 ingebeba nishati ya zaidi ya wati-saa 36. Betri ya umbo hilo haizidi gramu 50 hivi, kwa hiyo kila kilo moja ya betri hizo ingebeba wati-saa zaidi ya 700. Seli (yaani betri moja moja) bora za umbo hili zinazouzwa leo hubeba takriban wati-saa 250 kwa kilo. Viwanda vinavyotengeneza seli zenyewe, kama Panasonic, Samsung na LG, vimekaa miaka mingi kwenye mAh 3,400 hadi 3,600 kwa 18650, na ni seli chache mpya tu zilizosogea karibu na 4,000. Betri nene zaidi ya 21700 ndiyo hufika 5,000 na kuendelea kidogo. Basi 18650 yenye mAh 9,900 haipo.

Uongo huo una watu wanaoumia. Mlinzi wa usiku ananunua betri ya bei ya juu kwa sababu ya namba, halafu saa nane za usiku yuko gizani. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani akiamini taa itafika alfajiri. Mkunga kijijini anashika tochi inayofifia katikati ya kazi. Ndiyo maana inafaa kujua kupima mwenyewe, na inafaa zaidi kujua kusoma kipimo, kwa sababu hata betri nzuri hutoa namba mbaya ikipimwa ovyo, na betri mbovu ikapita.

Neno moja la kushika katika yote yanayofuata: namba ya mAh haina maana mpaka ujue betri ilianzia volti ngapi, ilikatiwa (kipimo kilisimamishwa) kwenye volti ngapi, na mkondo ulikuwa wa ampea ngapi. Kupima bila kujua hayo ni kununua mahindi kwa debe lililobonyea chini. Kila tatizo nitakaloeleza hapa karibu mara zote linarudi kwenye moja ya hayo matatu.

Vifaa, kwa ufupi

Njia rahisi ni chaja yenye kioo inayoweza kujaza, kutoa chaji na kuhesabu mAh. Njia ya bei nafuu ni kile kibao kidogo cha saketi kinachojulikana kwa jina la ZB2L3: kinapata umeme kwenye waya wa USB, unakifunga betri upande mmoja na rizista (kipande kinachokinza umeme) upande wa pili, nacho kinahesabu mpaka volti ifike pale ulipokiamuru kikate. Rizista zinazokuja nacho huwa za omu 7.5, moja ikifungwa kwenye betri ya lithiamu hutoa takriban nusu ampea, mbili zikiwa sambamba hutoa karibu ampea moja.

Asiye na chochote kati ya hivyo anaweza kutumia multimita, rizista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10, saa na daftari. Jaza betri, ifunge kwenye rizista, andika volti kila baada ya dakika 15. Volti ukiigawanya kwa 5 unapata ampea. Ikiwa wastani wa volti ulikuwa 3.6, mkondo ulikuwa ampea 0.72, kama ilichukua saa tatu na dakika 20 kufika volti 3.0, betri imetoa mAh 2,400. Kwa hesabu ya ampea pima volti kwenye miguu ya rizista. Kwa kuamua wakati wa kukata pima kwenye ncha za betri yenyewe. Rizista itakuwa ya moto, iweke juu ya kigae au saruji. Na kwa njia hii hakuna kitu cha kukata badala yako: ikifika volti 3.3 kaa hapo hapo, kwa sababu kuanzia hapo volti hushuka kwa kasi. Usilale ukaiacha.

Multimita inasoma volti 4.2, lakini tochi haimalizi nusu saa

Hili ndilo linalowapotosha wengi, hata mafundi. Muuzaji anaweka waya za multimita kwenye betri, inasoma 4.2, anasema "unaona, nzima hii." Volti inakuambia betri imejaa kiasi gani. Haikuambii ni kubwa kiasi gani. Seli ya mAh 500 iliyojaa na seli ya mAh 3,500 iliyojaa zote husoma 4.2.

Tochi yenye LED kubwa moja, ikiwa kwenye mwanga wa juu, inaweza kuvuta ampea 2 hadi 3. Betri iliyoandikwa 6,800 lakini yenye mAh 800 ndani itaiwasha tochi ya ampea 2 kwa dakika 24 tu. Ukikuta hali hiyo, anza na mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Seli ya 18650 ya kweli yenye uwezo mkubwa huwa na gramu 44 hadi 50. Ikiwa na gramu 30 au pungufu, hakuna haja ya kuendelea na kipimo kirefu. Ndani kuna seli ndogo iliyovalishwa ganda kubwa, na zipo zilizofunguliwa zikakutwa zimejazwa unga au mchanga. Hapo tayari umepata jibu.

Uzito mzuri pekee hauthibitishi kitu, lakini. Kuna seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu za laptopu, zikavuliwa ganda la zamani na kuvalishwa jipya linalong'aa. Hizo zina uzito kamili kwa sababu ni seli halisi, ila zimechoka. Hizo huzigundui kwa mizani, unazigundua kwa kutoa chaji na kuhesabu.

Mashine imeandika mAh chache kuliko nilivyotarajia

Hapa usikimbilie kusema betri ni feki. Pitia kwa mpangilio.

Kwanza, ilianzia wapi? Betri ya kawaida ya lithiamu-ayoni hujazwa hadi volti 4.20, na kuchaji kunaisha pale mkondo unaposhuka hadi takriban mA 50 au 100 huku volti ikiwa imeshikiliwa pale pale. Chaja nyingi za bei rahisi huwasha taa ya kijani mapema, kwenye 4.10 au hata chini yake. Volti 4.10 badala ya 4.20 peke yake hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo. Kwa hiyo mara taa inapogeuka kijani, itoe betri, iache ipumzike nusu saa, uipime. Ikiwa 4.17 hadi 4.20, endelea. Ikiwa 4.08, tatizo ni chaja. Na ikiwa imepita 4.25, tatizo pia ni chaja, tena kubwa zaidi: acha kuitumia chaja hiyo leo, kwa sababu betri inayojazwa kupita kiasi ndiyo inayoshika moto.

Pili, ilikatiwa wapi? Hili halizungumzwi vya kutosha. Kiwanda kinapotangaza uwezo wa seli, mara nyingi kinashusha hadi volti 2.5 kwa mkondo mdogo, takriban moja ya tano ya uwezo wake kwa saa. Seli ya mAh 3,400 inapimwa kwa karibu mA 680. Wewe nyumbani ukikata kwenye 3.0, kwa seli kama NCR18650B ya Panasonic unaweza kuacha zaidi ya mAh 200 ndani ambazo kiwanda kilizihesabu. Wala hujakosea. Kwa tochi, kukata kwenye 2.8 au 3.0 ni busara, maana betri inadumu zaidi na chini ya hapo mwanga umeshakuwa hafifu. Ila usilinganishe namba yako na ya kiwanda bila kukumbuka tofauti hiyo. Ukiwa na NCR18650B ukapata mAh 3,050 kwa kukata kwenye 3.0, betri yako ni njema kabisa.

Tatu, mkondo. Ukitoa chaji kwa ampea 3, volti hudondoka zaidi chini ya mzigo na kiwango cha kukatia hufikiwa mapema. Seli iliyotengenezwa kwa ajili ya uwezo mkubwa huumia zaidi na mkondo mkubwa kuliko seli iliyotengenezwa kwa ajili ya nguvu. Kwa kipimo cha kulinganisha betri na betri, tumia nusu ampea hadi ampea moja, na ushikilie hiyo hiyo daima.

Ukishapita hayo matatu bila kosa, tazama mguso. Waya nyembamba, springi yenye kutu, klipu za mamba zilizolegea: vyote huongeza ukinzani. Omu 0.2 tu kwa mkondo wa nusu ampea hula volti 0.1, na kwa ampea moja hula 0.2. Mashine inadhani betri imefika 3.0 wakati yenyewe bado iko 3.2. Namna ya kulijua: kipimo kikiwa kinaendelea, weka multimita moja kwa moja kwenye ncha za betri, usome, halafu ulinganishe na kioo cha mashine. Tofauti ikizidi volti 0.05, safisha ncha kwa spiriti, kata waya fupi na nene zaidi, ubadilishe klipu kwa kishikio cha betri chenye springi imara.

Halafu aina ya kemia, ambayo watu huisahau. Taa nyingi za sola zinazouzwa Afrika Mashariki zina 18650 za LiFePO4 (lithiamu yenye chuma na fosfeti), umbo lile lile kabisa, lakini volti yake ya kawaida ni 3.2 na hujazwa hadi 3.65 tu. Uwezo wake ni mAh 1,500 hadi 1,800 hivi. Fundi akiitoa kwenye taa mbovu na kuiweka kwenye tochi, itasoma kidogo, na mtu atadhani imekufa. Kuiweka kwenye chaja ya 4.2 ni kuiharibu. Soma maandishi kwenye ganda: ukiona 3.2V, hiyo si ya kupimwa kwa vipimo vya hapa juu.

Ikiwa umepita yote haya, betri ni ya 3,000 kwa maandishi ya kiwanda kinachoaminika, na bado inatoa 2,000, basi ni kuukuu. Chini ya asilimia 80 ya uwezo wa awali, mtengenezaji mwenyewe kwa kawaida huihesabu kuwa imemaliza maisha yake ya kazi. Kwa tochi ya nyumbani unaweza kuendelea nayo. Kwa mtu ambaye kazi yake inategemea mwanga, mpe nyingine.

Kipimo kinakata baada ya dakika chache

Kwa wenye ZB2L3, kioo chenyewe kinasema. Err1 ni kwamba volti ya betri imezidi 15, jambo ambalo kwa betri moja halitokei, hivyo kagua ulichokifunga. Err2 ni kwamba betri tayari iko chini ya kiwango cha kukatia: ama haina chaji, ama umepanga kiwango juu mno, kwa mfano 3.7 badala ya 2.7. Err3 inamaanisha betri haibebi mzigo ule au waya zina ukinzani mkubwa; hapa ndipo mguso mbaya na betri iliyochoka hufanana. Vitenganishe kwa kujaribu betri nyingine unayoiamini kwenye waya zile zile. Ikikubali, ya kwanza ndiyo mbovu. Err4 ni hitilafu ya kibao chenyewe au mkondo uliozidi ampea 3.

Kwenye chaja za kioo, sababu ya kawaida ni urefu. Betri yenye saketi ya kinga (kibao kidogo kinachokata umeme betri ikizidiwa) huwa na milimita 68 hadi 70, na kwenye kishikio kilichobana inaweza kuinuka upande mmoja. Yenye kichwa bapa nayo huweza kuwa fupi isiguse. Wapo wanaoziba pengo kwa sumaku ndogo. Mimi sikubaliani na jambo hilo: sumaku ikiteleza na kugusa ukingo wa betri, inapiga shoti, na 18650 isiyo na kinga ikipigwa shoti hutoa makumi ya ampea papo hapo. Tafuta kishikio kinacholingana.

Namba imezidi inavyowezekana

Mashine inasema 18650 yako ina mAh 4,600. Usifurahi bado. Mara nyingi mashine imehesabu mAh zilizoingia wakati wa kuchaji, si zilizotoka. Zilizoingia huwa nyingi kidogo daima, na betri mbovu inayovuja kwa ndani au kupata joto huweza kumeza nyingi mno bila kuzihifadhi. Tafuta kwenye maelekezo ni hatua ipi inatoa namba ya kutoa chaji, na uamini hiyo peke yake.

Sababu nyingine: hesabu ya betri iliyotangulia haikufutwa, au mkondo unaoonyeshwa si mkondo halisi. Kuhakiki, chukua saa. Kama mashine inadai ilitoa mA 500 na ikaandika mAh 4,600, kipimo kilipaswa kuchukua saa tisa na dakika 12. Kilichukua saa tano na nusu? Basi namba ni ya uongo, na betri ina takriban 2,750. Hesabu hii ndogo ya muda mara mkondo inafichua makosa mengi kuliko kifaa chochote cha bei. Unaweza pia kuingiza multimita katikati ya waya usome ampea, ingawa chaja nyingine hutoa mkondo kwa kupiga-na-kuacha, na hapo multimita ya kawaida huyumba.

Kila nikipima napata namba tofauti

Tofauti ya asilimia mbili au tatu si tatizo. Ikizidi hapo, tazama joto na mapumziko. Viwanda hupima kwenye nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Chumba cha Dar es Salaam mchana wa Januari na chumba cha Iringa alfajiri ya Julai havitoi namba moja. Betri iliyotoka kwenye chaja ikiwa bado ya uvuguvugu nayo hutofautiana na iliyopumzika saa moja. Seli iliyokaa miezi bila kutumika huweza kutoa kidogo mara ya kwanza kisha ikapanda mara ya pili, hivyo uamuzi uufanye kwa kipimo cha pili.

Namba zikiwa zinashuka kila mara, kipimo baada ya kipimo, seli inakufa.

Betri inasoma volti sifuri

Kuna hali mbili zinazofanana kwa nje, na kuzichanganya ni hatari.

Betri yenye saketi ya kinga ikishushwa mno au kupigwa shoti, saketi hujifunga na multimita husoma sifuri au karibu yake, ingawa seli ndani bado ina volti 2.5 au zaidi. Ukiiweka kwenye chaja inayoweza kuiamsha, volti hurukia juu ya 2.5 papo hapo na kuchaji kunaendelea kama kawaida. Hiyo ni nzima.

Betri isiyo na kinga inayosoma volti 1 au sifuri ni jambo jingine. Seli ya lithiamu ikikaa chini ya volti 2, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika cha seli, na unapoichaji shaba ile hujijenga tena mahali pasipostahili, ikaweza kuunda njia ya shoti ndani kwa ndani. Inaweza ikajaa, ikafanya kazi, ikaja kuwaka siku nyingine ikiwa kwenye chaja na watu wamelala. Najua kuna mafundi wanaozifufua kwa kuzigusisha na betri nyingine iliyojaa. Tafadhali usifanye hivyo. Bei ya betri haifiki popote karibu na nyumba.

Betri imefaulu kipimo, tochi bado inafifia

Sasa kosa haliko kwenye mAh. Angalia ukinzani wa ndani kwanza, kama chaja yako inausoma: seli mpya nzuri huwa na miliomu 20 hadi 60 hivi. Ikiwa 150, kwa mkondo wa ampea 3 betri inapoteza karibu nusu volti nzima, na tochi inadhani betri imeisha. Betri kama hiyo inafaulu kwa nusu ampea na kufeli kwenye tochi kubwa. Ihamishie kwenye redio au taa ndogo, itakutumikia.

Ukinzani ukiwa sawa, rudi kwenye tochi. Futa springi ya kitako na nyuzi za kifuniko. Swichi ya kitako ya tochi za bei rahisi huungua taratibu kwa ndani. Fungua kifuniko cha nyuma, uunganishe kitako cha betri na ukingo wa bomba la tochi kwa kipande cha waya nene, na mwanga ukiruka juu, swichi ndiyo mbovu. Pia tochi nyingi nzuri hujipunguza mwanga zenyewe baada ya dakika chache ili zisiungue, na hilo halina uhusiano na betri.

Tochi za betri mbili zilizopangwa mfululizo zinataka uangalifu wa pekee. Ukiweka yenye 3,000 na yenye 1,200, ile ndogo inaisha kwanza, halafu kubwa inaendelea kuisukuma mpaka inaenda chini ya sifuri. Hapo ndipo tochi hupasuka mkononi. Pima zote mbili, ziwe za aina moja, umri mmoja, na uwezo unaokaribiana, na zijazwe kwa pamoja.

Inajaa vizuri, baada ya wiki imeisha yenyewe

Ijaze, ipumzike, andika volti. Iache nje ya tochi kwa wiki moja, upime tena. Seli nzima itakuwa imepoteza kiasi kidogo sana; iliyoshuka kutoka 4.18 hadi 4.0 bila kuguswa inavuja ndani na haifai. Kama nje ya tochi inatulia na ndani ya tochi inaisha, swichi ya kielektroniki inakunywa umeme kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa. Legeza kifuniko robo mzunguko unapoihifadhi.

Na usiihifadhi ikiwa imejaa kwenye joto. Dashibodi ya gari Mombasa huizeesha betri iliyojaa haraka kuliko matumizi ya kila siku. Ya akiba iache kwenye volti 3.6 hadi 3.8, mahali pa baridi.

Nimepima kwa power bank na kipimo cha USB, nikapata theluthi mbili tu

Hiyo ni sawa. Kipimo cha USB kinahesabu kwenye volti 5, betri inahesabiwa kwenye 3.7. Hata bila upotevu, mAh 3,000 za betri ni 2,220 kwenye USB, na saketi ya kupandisha volti hula sehemu yake. Ukipata 1,850 hadi 2,000, betri ni ya 3,000 kweli.

Kwa wanaopanda mlima

Waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro huanza safari ya mwisho kuelekea Uhuru, mita 5,895, karibu na saa sita za usiku, baridi ikiwa chini ya sifuri. Betri iliyotoa mAh 3,000 Moshi haitatoa hizo kule juu. Ukinzani wake wa ndani hupanda na volti huporomoka mapema. Uwezo haujapotea, unarudi betri ikipata joto, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Jambo la kukatazwa ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu hapo inaharibika moja kwa moja.

Iliyofeli

Ncha zake zifunike kwa selotepu au tepu ya umeme ili zisigusane na chuma, na usiitupe kwenye moto wala jalala la nyumbani ambako takataka huchomwa. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za vifaa vya umeme. Penginepo, ziweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka upate mkusanyaji. Na usimrudishie muuzaji wa barabarani kwa kupunguziwa bei ya nyingine, maana itavalishwa ganda jipya, iandikwe 9,900, na kuuzwa tena.